Penye Kona Kiti Kilale

Ruangwa, 3 Julai 2024

Mwalimu Ignasi,

Shikamoo. Mimi ni Hajra, yule aliyeunguza meza ya maabara akiwa kidato cha tatu. Ukikumbuka meza utanikumbuka na mimi.

Nimesikia kwa Mohamedi, huyu anayeleta mayai Ruangwa kila wiki kutoka huko Mnero, kwamba ugonjwa wa koo umekuzidi na sauti imekwisha. Pole sana. Amesema pia kwamba maandishi ya simu huyaoni, na mtu akitaka kuongea na wewe aandike kwa kalamu, herufi kubwa. Kwa hiyo nimenunua kalamu ya wino mzito, na Mohamedi amekubali kuwa posta yetu.

Siku hizi nina karakana ya kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Kazi ipo. Shida yangu ni mdogo wangu, Imrani. Alikuwa dereva wa lori la Mzee Seleman. Mwezi wa pili lori lilimpindukia kwenye kona baada ya Chinongwe, likiwa na mahindi. Hakufa mtu. Yeye alitokea kwenye kioo cha mbele, mkono ukavunjika, ukaunga. Tatizo ni kwamba tangu siku ile hawezi kupanda chombo chochote. Hata bajaji. Ikikata kona moja tu anatoka jasho, anatapika, anaomba ashushwe. Hospitali tunakwenda kwa miguu.

Mzee Seleman ni mtu mzuri. Lori limeshatengenezwa, na amempa Imrani ufunguo wa pili akae nao. Alimwambia hivi, mbele yangu: "Korosho zikianza kusombwa, mwezi wa kumi, kiti ni chako. Ukishindwa, uniletee ufunguo nimpe Dastani." Dastani ndiye aliyekuwa utingo wake. Imrani hana kazi nyingine anayoijua, Mwalimu. Alianza kulala kwenye mzigo wa lori kabla ndevu hazijamwota.

Sasa sikia, usinicheke. Kwenye simu nimeona kijana mmoja amejitengenezea nyumbani kwake kiti cha kuendeshea gari la kwenye gemu. Anakaa mbele ya televisheni, ana steringi, ana pedali, na kiti chenyewe kinainuka na kuinama kufuatana na gari la kwenye kioo. Wengine wanarushia ndege. Nikawaza, kama mwili wa Imrani ukizoea kona akiwa sebuleni, mahali ambapo hakuna korongo la kuangukia, labda utaikubali na barabara.

Nimeshapata kiti cha Fuso iliyokufa, mota mbili za waipa za lori, kompyuta ya kibanda cha gemu kilichofungwa, na steringi ya mtumba kutoka Dar. Binamu yetu Nuhu, fundi simu, anajua kuunganisha kile kibao kidogo cha saketi kinachopokea habari kutoka kwenye gemu na kuziamuru mota. Chuma nakiweza mwenyewe. Nisichokijua ni mwendo. Kiti kiinuke wapi na kishuke wapi ili mwili udanganyike? Hilo ni somo lako.

Mwanafunzi wako,
Hajra


Mnero, 9 Julai 2024

Hajra,

Marahaba. Meza ile ilibaki na alama yako mpaka nilipostaafu. Niliwaonyesha waliokuja baada yako kama mfano.

Mohamedi amesema kweli. Sauti ilikatika wakati wa mvua na haitarudi. Madaktari wameacha kunidanganya, nami nimewashukuru. Ninakunywa uji anaonikorogea Domitila, binti wa marehemu dada yangu. Mkono bado unaandika na akili bado inafanya kazi. Hivyo viwili vinatosha kwa swali lako.

Mwili haujui mwendo, Hajra. Ungejua, tungehisi dunia inavyozunguka. Mwili unajua kusukumwa tu. Kiti chako hakiwezi kusafiri popote, lakini kinaweza kuinama, na kikiinama, uzito wa mtu mwenyewe humvuta upande. Macho yake wakati huo yanaona barabara, kwa hiyo akili inasema: gari ndilo lililonisukuma. Huo ndio udanganyifu wote. Hakuna zaidi.

Kuhusu umbo, usikiweke kiti juu ya springi. Kitegemeze chini katikati kwa krosi ya propela ya gari, kile kiungo kinachoruhusu shafti kuinama pande zote bila kukatika. Mota zako mbili zifunge nyuma, moja kushoto na moja kulia, kila moja na mkono wa chuma wa kusukuma juu na kuvuta chini. Zikisukuma pamoja, kiti kitainamia mbele. Moja ikisukuma na nyingine ikivuta, kitalala ubavu.

Kona ni jambo rahisi. Penye kona kiti kilale. Usizidishe, kiasi cha bakuli la mchuzi kutaka kumwagika kinatosha.

Niandikie kitakavyokuwa. Andika kwa kirefu, usijali karatasi.

Ignasi


Ruangwa, 25 Julai 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Kiti kimesimama! Krosi nimeipata kwa wauza vyuma chakavu, nimeichomelea chini ya fremu, na inazunguka kama shingo ya bundi. Kiti kimejaza nusu ya sebule. Mama amehamishia mkeka wake wa swala chumbani, anasema hawezi kusujudu karibu na kitu kinachotikisika chenyewe.

Kona tumeweka kama ulivyoelekeza. Nilimwambia Nuhu, Mwalimu amesema kilale. Nuhu akauliza, kilale vipi? Nikamwambia wewe hujawahi kupanda bodaboda? Ukikata kona unailalia. Kwa hiyo kona ya kulia kiti kinalala kulia, kona ya kushoto kinalala kushoto, vizuri kabisa, kama pikipiki. Nilijaribu mimi mwenyewe. Nilihisi kizunguzungu kidogo, nikadhani ni ugeni.

Imrani alikaa Jumapili baada ya chakula. Alishika steringi, akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Akasema, "Dada, umenitengenezea lori lisilolipa ushuru." Aliendesha vizuri kwenye barabara iliyonyooka. Kona ya kwanza akapunguza mwendo. Ya pili akawa mweupe midomo. Ya tatu alishuka akakimbilia uani, na pilau yote ikaenda na maji.

Tumejaribu tena Jumatatu, Jumatano na leo. Ni vilevile, na leo ni mbaya kuliko Jumapili. Anasema tumbo linavutwa upande ambao macho hayaendi. Kuna nini, Mwalimu? Ni kiti au ni yeye?

Nimekutumia ming'oko, mizizi imechimbwa porini jana tu. Mohamedi anasema humezi vitu vigumu, lakini Domitila atakula, wewe utanusa.

Hajra


Mnero, 30 Julai 2024

Hajra,

Marahaba. Ming'oko imefika. Domitila ameichemsha ndani ya nyumba badala ya jikoni ili harufu ibaki, kwa hiyo nimekula kwa njia yangu.

Barua yako nimeisoma kwa makini. Kuna mambo kadhaa ya kuangalia kabla ya kuhukumu. Pima kama uzito wa Imrani umekaa juu ya krosi yenyewe. Kiti kikiwa kimesogea mbele, mota zitachoka na mwendo utachelewa, na mwendo unaochelewa nyuma ya macho huleta kichefuchefu. Angalia pia mikono ya chuma, kama ina ulegevu kwenye boliti. Kaza, kisha mjaribu tena polepole.

Usimwambie kwamba ni yeye. Hilo bado hatulijui.

Nieleze na karakana. Umeajiri mtu? Mageti mnayapaka rangi gani siku hizi? Zamani Ruangwa nzima ilikuwa kijani. Nimesahau pia sauti ya mama yako. Je, bado anaanza sentensi zote kwa "haya basi"? Andika.

Ignasi


Ruangwa, 16 Agosti 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Mama amesikia ulivyoandika, akasema, "Haya basi, Mwalimu ana maneno," halafu akajisikia mwenyewe, akaondoka kwa hasira. Mageti sasa ni meusi na dhahabu. Kila mtu anataka nyumba yake ifanane na benki.

Nimesogeza kiti nyuma kidogo. Nimekaza boliti zote. Nimebadilisha mkono mmoja uliopinda. Imrani anatapika vilevile.

Lakini kuna jipya, na limetuchanganya. Nuhu aliweka gemu la ndege ili kumchangamsha. Imrani, ambaye hajawahi hata kuugusa mlango wa ndege, alikaa, akaruka, akakata kona angani kulia na kushoto, na hakutapika! Alikaa mpaka adhana ya alasiri. Alishuka amekunjua uso kama mtu aliyetoka kuoga. Siku hizi anaruka kila siku. Amechagua kiwanja cha Nachingwea, kimo humohumo kwenye gemu, njia ya kurukia tu na majani, na anatua pale kama anarudi nyumbani.

Mtaa umeshajua. Biasha wa maandazi akimwona anapita anapiga kelele, "Rubani! Unatua saa ngapi nikuwekee chai?" Imrani anamjibu, "Fagia kwanza uwanja." Watu wanacheka na yeye anacheka.

Akirudi kwenye gemu la lori, kona mbili tu, ndoo.

Jana aliniambia jambo ambalo sikulipenda. Alisema, "Dada, kichwa changu kinakubali ndege ambayo sijawahi kupanda, kinakataa lori nililokulia. Sasa hiyo si barabara tena, ni mimi nimeharibika." Nilimwambia subiri Mwalimu ajibu. Akasema, "Mwalimu naye si anajibu kila mara?" Mwezi wa kumi unakuja, na ule ufunguo ameanza kuuacha mezani badala ya mfukoni.

Tafadhali fikiri tena. Nakutegemea.

Hajra


Mnero, 22 Agosti 2024

Hajra,

Marahaba. Habari ya ndege imenifurahisha. Kiwanja kile nilikiona ningali mtoto wa shule. Wazee walisema kilianzia enzi za Waingereza na karanga zao.

Punguza kasi ya mota kwa gemu la lori. Kisha muweke Imrani kwenye barabara yenye kona chache, azoee, ndipo uongeze. Kama feni ipo, muwekee usoni, upepo husaidia.

Hali yangu imeshuka kidogo wiki hii, lakini barua yako niliisoma nimekaa, si nimelala. Niandikie yatakayotokea. Na huyo Biasha, maandazi yake ni yale ya nazi?

Ignasi


Ruangwa, 9 Septemba 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nitaandika kwa kifupi.

Feni niliweka. Kasi nilipunguza. Barabara tulimchagulia yenye kona moja tu, kwingine kote imenyooka kama rula. Alhamisi alijaribu mara ya mwisho, akatapika kabla hata ya kona, alipoiona tu kwa mbali.

Ijumaa baada ya swala alichukua ufunguo akaenda nao kwa Mzee Seleman. Sikujua mpaka aliporudi. Mzee Seleman alimwomba asubiri angalau mwezi uishe. Yeye akamwambia, "Mzee, mimi kichwa kimekufa, usipoteze msimu kwa ajili yangu." Ufunguo amepewa Dastani.

Sasa amelala ndani. Hata ndege harushi. Biasha akimwita hajibu.

Nilidhani nimesoma vya kutosha kuweza kumsaidia ndugu yangu. Nashukuru kwa muda wako.

Hajra


Mnero, 12 Septemba 2024

Hajra,

Kabla hujasoma mengine, fanya hivi. Chomoa plagi ya mota ya kushoto uichomeke mahali pa ile ya kulia. Ile ya kulia uichomeke mahali pa ya kushoto. Usiguse kitu kingine. Muweke Imrani kwenye gemu la lori, kwenye kona. Kisha rudi usome.

Mdogo wako hajaharibika. Kiti kilikuwa kinalala upande usio wake.

Niliandika "penye kona kiti kilale". Katika umri wangu, linalolala kwenye kona ni gari. Mimi nilisafiri maisha yangu yote juu ya mizigo ya malori, na lori lenye mzigo likikata kulia, bodi lake hulala kushoto, na abiria wote huangukia kushoto, na kuku wao. Kwangu neno hilo halina upande mwingine. Wewe umekua kwenye bodaboda, na dereva wa bodaboda huilalia kona, yaani hulala kuelekea ndani yake. Kwako pia halina upande mwingine. Neno moja, watu wawili, wote wanajua Kiswahili. Ndege nayo hulala ndani ya kona kama pikipiki, na ndiyo maana Imrani aliruka bila shida. Kiti chako kilikuwa kiti kizuri cha ndege. Kwa lori, kwenye kona ya kulia, kilikuwa kinamvuta tumbo kulia wakati macho yanamwambia kwamba anatupwa kushoto. Ningekaa mimi, ningetapika. Angekaa padri, angetapika.

Kufikia hapa unaweza kudhani kwamba nimeligundua leo. Sivyo.

Nililijua tangu barua yako ya Julai. Uliandika "kama pikipiki". Nilisoma maneno hayo mara moja, na jibu likaja kabla sijafika mwisho wa mstari: badilisha plagi. Nilichukua karatasi niandike hivyo. Nikaona kwamba barua ingekuwa na sentensi moja, na kwamba wewe ungefanya, Imrani angepona, ungeniandikia shukrani, na basi. Nikaandika habari za boliti.

Agosti ulinieleza habari za ndege. Hapo hata mwanafunzi wa wastani angeona. Nilikuandikia habari za feni na maandazi.

Domitila ana simu. Angeweza kukupigia siku yoyote tangu Julai na kukusomea sentensi moja. Sikumwambia.

Nitakueleza kwa nini, ingawa kueleza si kujitetea. Tangu sauti ikatike, watu wanakuja kuniona, wanakaa, wanamuuliza Domitila kama nimelala vizuri, nami nipo, macho nimefumbua. Wengine wananipigia kelele kama vile ni masikio yaliyokufa. Watu wakijua huwezi kujibu huacha kuuliza. Nilifundisha zaidi ya nusu ya maisha yangu. Kazi yangu ilikuwa kuulizwa. Barua yako ilikuwa swali la kwanza tangu mvua. Nikalitaka na la pili. Nilijiambia kwamba mwezi wa kumi uko mbali, kwamba nitakwambia katika barua inayofuata. Kila barua ilikuwa na inayofuata.

Nilijua habari za ufunguo. Nilijua ni nini kinachopotea. Sitaki ufikiri kwamba ni uzee au dawa. Akili ilikuwa safi, na ndiyo iliyochagua.

Jumamosi padri alikuja kuniungamisha. Kwa kuwa siwezi kusema, ninaandika dhambi kwenye karatasi, anasoma, anaichoma mbele yangu. Hii sikuiandika. Niliona kwamba angenisamehe, na haikuwa imefanywa kwake.

Barua hii Mohamedi ataileta leo. Amekubali kuja bila mayai. Mpe Imrani asome kama utaona inafaa. Mwambie kichwa chake ni kizima, na kwamba yupo mtu aliyekijua kuwa kizima akanyamaza.

Sikuombi kitu.

Ignasi


Ruangwa, 20 Septemba 2024

Mwalimu Ignasi,

Plagi nimebadilisha. Ni kazi ya muda wa chai kuchemka.

Imrani aliendesha lori kwenye gemu, kona zote, mpaka mwisho wa barabara. Hakutapika. Alizima kompyuta akaniuliza, "Kwa hiyo sikuwa mgonjwa?" Nikamwambia hukuwa. Akauliza nani alijua. Nikampa barua yako.

Nilikuwa namsomea mama kila ulichoandika. Hii sikumsomea.

Hajra


Ruangwa, 11 Oktoba 2024

Mzee Ignasi,

Shikamoo. Mimi ni Imrani. Hatujaonana, ila unajua mpaka ndoo yangu.

Dada hataki kuandika. Mimi nimeona niandike, maana kesi ni yangu.

Nilikasirika sana, sikufichi. Nilitaka nije huko Mnero nikwambie usoni. Halafu nikakumbuka kwamba wakati ule nilikuwa siwezi hata kupanda gari, sasa ningekuja na nini? Sasa hivi naweza kuja, lakini hasira imeshuka njiani. Ndivyo ilivyo.

Nilikwenda kwa Mzee Seleman nikamwambia nimepona. Akafurahi, akanipa na soda. Lakini akasema, "Dastani ana ufunguo, na ana mke anayejua kwamba ana ufunguo. Siwezi kumnyang'anya mtu kwa sababu kiti chenu kimepata akili." Ni haki. Basi nikaomba niende utingo. Yaani Dastani, niliyemfundisha mimi kufunga turubai, sasa ndiye anayekaa kwenye steringi, ananipigia kelele, "Utingo! Weka jiwe!" Naweka jiwe chini ya tairi. Watu wa kule Naipingo wanaonijua walicheka mpaka wakakaa juu ya magunia. Mmoja akasema, "Huyu si alikuwa bosi wako?" Dastani akajibu, "Alikuwa rubani, ameshuka cheo."

Safari ya kwanza nilishika mlango kwa mikono miwili. Ile kona ya Chinongwe tuliipita. Lori likalala upande wake, na mimi nikalala nalo, nikaona ah, kumbe nakujua wewe. Sikutapika.

Juzi tunarudi tupu, Dastani akaniambia chukua kidogo, bosi hayupo. Nikachukua. Tambarare safi, kona safi. Ulipokuja mteremko nikakanyaga breki, na pale gari lilipopiga pua chini mwili wote ukafa ganzi. Siku ile ya ajali nilikuwa nimefunga breki, ndiyo kitu cha mwisho ninachokumbuka. Mguu ukainuka wenyewe kwenye pedali. Dastani alivuta breki ya mkono, tukasimama karibu na mtaro. Hakunisema. Alisema tu, "Bado kidogo, mwalimu wangu." Hajamwambia bosi.

Kwa hiyo kona nimepona, breki bado. Mzee Seleman analeta lori la pili mwezi wa kumi na mbili. Nikiweza mteremko, steringi yake ni yangu, amesema mwenyewe. Nisipoweza, mimi ni wa jiwe.

Sikusamehe kwa barua, sijui hata inafanywaje. Lakini sikulaani. Nimeandika ujue.

Imrani


Ruangwa, 12 Oktoba 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Sehemu ya breki Nuhu hajaiwasha kwenye kiti, kwa sababu hatukujua iende wapi. Dereva akifunga breki kwenye mteremko, kiti kiinamie mbele au nyuma? Na kiasi gani?

Jibu kwa mchoro. Maneno yako na yangu hayaelewani.

Hajra


Mnero, 17 Oktoba 2024

Hajra,

Marahaba.

Mchoro uko nyuma ya karatasi hii. Mistari imetetemeka, lakini mishale iko sahihi. Nimemwita Domitila akae kwenye stuli, nikamwinamisha kwa mkono mpaka nikahakikisha, kisha nikachora. Ndiye huyo mwenye kilemba.

Akifunga breki, kiti kiinamie mbele. Mbele ni upande uliko uso wa Imrani. Mota zote mbili zisukume juu pamoja. Anza na kiasi cha upana wa kidole, baada ya siku chache viwili, kisha vitatu, usivuke hapo. Akiachia breki, kirudi polepole kuliko kilivyoinama.

Akikanyaga mafuta, kiinamie nyuma, mgongo ushuke.

Kwenye mteremko kiti kiwe kimeinama mbele kidogo tangu mwanzo, kabla ya breki, maana barabara yenyewe imeinama. Nadhani hapo ndipo mwili wake utakapokumbuka ajali. Usimlazimishe kupita hapo. Mwache asimame juu ya mteremko, lori likiwa limezimwa, atazame chini mpaka achoke kutazama. Ndipo ashuke.

Mashimo: mota moja ipige juu na kurudi upesi, upande wa tairi lililoingia shimoni. Tairi la kulia, mota ya kulia.

Lori likiwa na mzigo, mambo yote yaende polepole na kwa nguvu zaidi. Likiwa tupu, upesi na kwa wepesi.

Krosi italika kabla ya mwaka kwisha. Utasikia mlio kama wa kusaga mchanga. Usiipake mafuta ukadhani imepona; ibadilishe. Mota za waipa zikipata joto la kushindwa kuzishika kwa kiganja, zipumzishe.

Akitaka kurudi kwenye ndege, rudisha plagi kama zilivyokuwa mwanzo. Ziwekee alama ya rangi, nyeusi lori, dhahabu ndege.

Nimekaa siku tatu nikiwaza kila swali ambalo ungeweza kuniuliza baada ya hili. Nimejibu yote hapa na kwenye mchoro, pamoja na lile la uzito wa dereva mwingine, kama siku moja atakaa Dastani au mtu yeyote mwenye woga kama huo. Nimepitia mara ya pili. Hakuna nililobakiza.

Mwambie Imrani kwamba barua yake nimeisoma nimelala, kwa kuwa kukaa sasa siwezi, na kwamba nimeielewa.

Barua hii haihitaji jibu.

Ignasi